Uji wa Tekla

Jumapili, asubuhi. Mvua imeacha, ukungu bado umeukalia mlima.

Sasa hivi Saidi ametema uji wangu. Hakulia, hakuupiga kwa mikono kama siku nyingine. Ameuweka mdomoni, ameuzungusha kidogo, akaniangalia usoni, kisha akautema polepole juu ya kanga yangu, kama mtu mzima anayerudisha kitu cha wenyewe. Halafu akachukua kikombe chake cha bati, akaenda nacho mpaka mlangoni, akasimama anatazama upande wa kituo cha watoto.

"Mama Teka," akasema.

Kituo leo kimefungwa. Yeye hajui Jumapili.

Nimejifuta, nimemrudisha ndani, nimebandika sufuria nyingine. Sasa nimekaa kwenye kigoda karibu na meko na daftari hili, lile nililobakiza tulipomaliza masomo ya watu wazima. Nimeishia darasa la nne lakini kuandika sijasahau. Na lazima nikae hapa hapa, kwa sababu nitakayoeleza mbele.

Daftari, wewe huna mdomo, basi nitakwambia. Nina wivu. Nina wivu na mwanamke mmoja mpaka nikimsikia anacheka ng'ambo ya kijito natamani mvua ianze.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ana heshima yake, lakini ukoo mtoto anautoa tumboni mwa mama. Saidi ni wetu, sisi tuliomzaa. Sasa huyo Saidi wetu anamwita mama mtu mwingine, na mimi hata jina langu halitamki. Mimi akinitaka ananivuta kanga.

Najua yalipoanzia. Yalianzia nilipomwachisha ziwa. Nilipaka shubiri kama nilivyoelekezwa. Alikuja mbio, akashika, akaonja, akaniachia. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, midomo imemkunjika kwa ule uchungu, na mimi nikageuza uso nikalia kabla yake. Nadhani tangu siku ile hakiamini kitu kinachotoka mkononi mwangu.

Akaanza kupungua. Mashavu yakaenda, matako yakalegea, bangili ya shanga niliyomvalisha ikawa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Tumbo likawa linamwenda, nikamchemshia majani machanga ya mpera. Likakata. Kikohozi kikaja, nikampa limau na asali. Kikaondoka. Bibi, mama yake mama yangu, ambaye nyumba yake iko hapa nyuma ya migomba yetu, akamchua tumbo kwa mafuta ya nyonyo na kitunguu saumu mpaka mtoto akanuka kama mchuzi. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Minyoo ilitoka. Hamu ya kula haikurudi.

Basi mimi nikaona dawa ni uji. Na uji wenyewe uwe uji, si maji ya kunawia. Nikawa nausonga mzito, mwiko unasimama. Uji mwepesi ni wa mgonjwa, au wa mwanamke asiye na unga ndani. Nilitaka kila anayepita mlangoni aone nyumba hii ina unga. Saidi anakula vijiko viwili, anafunga mdomo. Nikizidi anatema.

Siku moja Bibi alimshika mkono, akaupima kwa vidole vyake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, mimi ni bibi yako, wafiche wengine. Hamkumbemenda huyu mtoto?"

Hapa kila mtu analijua neno hilo. Ni kusema baba na mama wamekutana mtoto angali ziwani, au mmoja wao ametembea nje akaja na joto la watu nyumbani, mtoto akadhoofu. Mwanamke akiambiwa amebemenda, hata akipita kisimani wenzake wanapunguza maneno.

"Hapana, Bibi. Haki ya Mungu, mimi sijatoka nje."

"Sijasema wewe," Bibi akajibu, akaendelea kumenya mihogo.

Hakusema ni mimi. Basi kama si mimi, ni nani? Hapo ndipo wivu ulipopata mlango.

Kijiji kilikuwa kimeanzisha kituo cha watoto, ili kina mama tuingie shamba la kijiji bila mtoto mgongoni. Anayepika kituoni ni Tekla. Tekla aliteremka kutoka kule juu, upande wa misheni, watu walipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa. Mume wake alikwenda Kisaki kwenye kazi ya reli na hajarudi. Mtoto hana. Ana mikono minene na vidole vya polepole, na watoto wote wa kituo wanamning'inia kama ndizi kwenye mkungu.

Wiki ya kwanza nilimpeleka Saidi kituoni bila tumaini. Jioni nakwenda kumchukua, namkuta amekaa juu ya mguu wa Tekla, kikombe kitupu, tumbo duara, uji umemkaukia kidevuni. Kina mama wote wako pale.

Tekla akanyanyuka, akapiga goti la mzaha. "Shikamoo mama mkwe!"

Watu wakaanza kucheka.

"Mama mkwe?" nikauliza.

"Si huyu ndiye mume wangu? Amemaliza vikombe viwili leo. Mume anayekula hivi namwachia nani?"

Nikaitika marahaba, nikacheka na mimi. Lakini njiani nilikuwa namshika Saidi kwa nguvu mpaka akanisukuma kifua.

Ningeweza kuvumilia hilo. Mtoto anakula, mama anafurahi, ndivyo inavyotakiwa. Sikufurahi. Nilimwona ananenepa na nikaumia. Kila kishimo kilichorudi kwenye shavu lake nilikijua si changu. Naona aibu kuliandika hili, ila ndivyo lilivyo.

Kisha Baba Saidi akapata zamu ya kupeleka kuni kituoni. Alirudi jioni anajipangusa masharubu.

"Yule dada anajua uji," akasema. "Mtamu."

"Umepewa au umeomba?"

"Nimepasua kuni, nikapewa kikombe. Uji tu, Mama Saidi."

"Mtamu kwa sukari gani? Duka la kijiji halijaona sukari tangu vuli."

"Sasa mimi ndiye mwenye duka?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtoto wangu kwa Tekla, na mume wangu kwa Tekla, na wote wawili kwa kikombe kile kile. Nikajiuliza: kitu gani hicho kinachowavuta watu wangu mmoja mmoja? Na jibu likaja lenyewe, bila kuitwa.

Limbwata.

Zamu yangu ya kuchota maji kituoni ilipofika, nilikwenda mapema. Sikwenda kwa ajili ya maji. Nilikwenda kutazama. Tekla alipika uji wa mahindi na karanga zilizotwangwa, mzito kama wangu, hata nikashangaa. Akaepua, akaweka sufuria chini, akaenda kuwafuta watoto makamasi, huyu, yule, anaimba. Muda ukapita. Akarudi, akatumbukiza kidole, akatikisa kichwa. Halafu akatoa kibuyu kidogo nyuma ya mtungi. Akachota unga wa rangi ya udongo, kama konzi moja, akautia, akakoroga.

Uji ukalegea. Nakwambia ulilegea mbele ya macho yangu! Mwiko uliokuwa unasimama ukalala. Ukawa unamiminika, na maji hakuongeza hata tone.

Alipotoka kwenda kugawa, nilikifungua kile kibuyu, nikachota kidogo kwa jani la mgomba, nikalikunja, nikalifunga kwenye pindo la kanga. Sikunusa. Sikulamba. Nilinawa mikono kwa mchanga, kisha kwa maji, kisha kwa mchanga tena. Nikambeba Saidi kabla hajanywa, analia, anaunyooshea ule uji mikono yote miwili.

"Mama mkwe, unamnyima mume wangu chakula?" Tekla akaniita.

"Ana homa," nikasema. Hakuwa na homa.

Kuanzia hapo sikumpeleka tena. Nilimfunga mgongoni, nikalima naye. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akaacha kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Uji wangu hataki. Viazi hataki. Ndizi iliyopondwa anaiweka shavuni na kuisahau. Usiku nikimgeuza ubavu nilihisi mbavu. Huku shambani wenzangu wananiletea salamu, "Tekla anamuulizia mumewe," na wanaangua kicheko kati ya matuta.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia Baba Saidi, "Huyo mwanamke wako anamtilia mwanangu dawa."

Aliweka jembe chini. Ni mtu wa mzaha, lakini hakufanya mzaha.

"Mwanamke wangu ni wewe. Na mwanao ana njaa."

Akatoka bila kula. Nilitamani angenijibu kwa ukali, nipate cha kushika.

Jana nikaenda kwa Bibi na lile jani. Unga wenyewe nilikuwa nimeuficha juu darini, mbali na chakula.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umebeba nini kama umebeba nyoka?"

Nikamweleza yote, kibuyu, mtungi, uji uliolegea, Baba Saidi na masharubu yake. Nikafungua jani. Bibi akasogeza uso.

"Usiguse, Bibi!"

Akaulamba. Mimi nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa analamba mara ya pili.

"Ulezi," akasema. "Umeoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa." Akaniangalia. "Mjukuu wangu, umeniletea kimea."

"Kimea?"

"Kimea cha togwa. Unataka nikipigie ramli?"

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampigapiga mgongo, na kila akitulia anasema "limbwata" na kuanza upya.

Mimi! Mimi niliyekunywa togwa kabla sijaota meno. Mimi niliyeotesha ulezi kwa mikono hii, nikauanika, nikausaga, kila harusi ya ukoo wetu. Nimepika uji, nikausubiri upoe, nikatia kimea, nikauona unalegea na kuwa mtamu bila sukari, mara nyingi sihesabu. Ningelamba kidole mara moja tu ningejua. Lakini mkononi mwa Tekla sikukitambua. Wivu ulinifanya mgeni wa kitu cha nyumbani kwetu.

"Na wewe Bibi ulisema amebemendwa," nikamlaumu.

"Mimi? Mimi niliuliza. Kuuliza si kusema." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Uji wako ule ni ugali. Mtoto anachoka taya kabla tumbo halijapata habari. Huyo mwenzio anapika mzito kama wako, kisha anaulegeza. Mtoto anakunywa unga wote bila kujua."

Akanipa kimea chake, kilichobaki kwenye chungu.

Ungedhani nilirudi nyumbani mwepesi. Sikurudi mwepesi. Ingekuwa limbwata, ningekuwa na pa kuuweka wivu wangu. Ningesema mtoto wangu amelogwa, moyo wake bado ni wangu, umefungwa tu. Sasa hakuna uchawi. Kuna mwanamke aliyemtazama mwanangu akila akaelewa taya zake zimechoka. Mimi niliyemzaa sikuelewa. Mimi nilikuwa natazama mlangoni, nani anapita auone unga wangu.

Baba Saidi nilimwomba radhi jana hiyo hiyo. Alisema, "Yameisha." Kisha akaongeza, "Ila uji wake ni mtamu kweli," akaruka nje kabla sijashika mwiko. Nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Lakini hata kicheko kile kilikuwa na mwiba.

Leo nikaamka na nia. Nikasema leo Saidi atakunywa kwangu. Nikapika uji na karanga, ukachemka, na kwa ile haraka yangu nikatia kimea hapo hapo motoni, uji unatokota. Nikakoroga. Hakuna kitu. Mzito vile vile. Nikaongeza konzi nyingine. Mzito, na sasa mchungu kidogo. Huo ndio alioutema.

Nilipokuwa najifuta kanga ndipo nikakumbuka Tekla na kile kidole chake. Hata togwa ndivyo: ukitia kimea kwenye moto unakiua. Lazima uji uepuliwe, usubiriwe, uwe vuguvugu, ndipo kimea kifanye kazi yake. Nilikuwa nalijua hili. Nililisahau kwa kutaka kumshinda mtu.

Kwa hiyo nimepika sufuria ya pili, nimeiepua, iko hapa mbele yangu inapoa. Ndiyo maana naandika. Nikiandika mikono haina haraka.

Nimejaribu kwa kidole. Bado moto.

Saidi amekaa kizingitini na kikombe chake kitupu, anakigonga chini. Mbavu zake nazihesabu kutoka hapa nilipokaa. Kama hatanywa huu, kesho alfajiri nitambeba mwenyewe mpaka kituoni, nitamkabidhi kwa Tekla mbele ya kina mama wote, na atakayecheka acheke. Nimeshaamua. Sitamwacha mwanangu akonde ili mimi nishinde.

Lakini ee Mungu, naomba anywe huu.

Nimejaribu tena. Unashikika. Nimetia kimea. Ninakoroga kwa mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, mtu akiniona atasema nimepagawa.

Umelegea.

Nimemwita Saidi. Hakuja. Nimekwenda na kikombe changu mimi, siyo chake, nikakaa karibu naye kizingitini nikanywa bila kumtazama. Mtamu. Baba Saidi hakudanganya. Saidi akanitazama mdomo. Nikanywa tena. Akaniwekea kikombe chake mapajani.

Nikamtilia kidogo. Akaonja, akakunja uso, nikashika pumzi. Akameza. Akasimama kimya kama anayesikiliza kitu tumboni. Kisha akaning'iniza kikombe mbele ya pua yangu.

Hiki ni kikombe cha tatu. Amekishika mwenyewe kwa mikono miwili, uso wote umo ndani, naona masikio tu. Nimerudi kwenye kigoda haraka niandike, maana nikikaa pale nitamkumbatia na atamwaga.

Kuna mtu anakuja njiani, anaimba wimbo wa kanisani.

"Hodi hapa! Mama mkwe! Mgonjwa wetu hajambo?"

Ni yeye. Ametoka misa amepita moja kwa moja kwangu, na kitu kimefungwa kwenye leso, bila shaka amemletea Saidi. Anaita, "Saidi! Mume wangu!" Sauti ile ile inayomtoa mtoto mbio mpaka anajikwaa.

Saidi hajainua kichwa. Anakunywa.

Mungu anisamehe, nimefurahi. Ninamwona Tekla kutoka hapa, amesimama uani, mikono ameshaifungua nusu, anangoja kukimbiliwa, na hakuna anayekimbia. Anatabasamu bado. Anaiteremsha mikono polepole, anajifanya anarekebisha kitambaa cha kichwa.

Imebaki nusu sufuria. Nitamtilia na yeye. Nitampa kigoda hiki changu, na akionja nitamwambia uji huu nimejifunza kwake, na kwamba nili

Nakuja, dada, karibu, naku